Kuhama chuo kikuu kufuata jina kubwa: mambo ya kujua kabla hujafunga begi



Kila mwaka, barua za kujiunga na vyuo vikuu zikishatoka, simu yangu hailali. Huyu ni jirani wa Kisauni, yule ni rafiki wa Malindi, mwengine ni mama niliyesoma na mtoto wake madrasa. Swali huwa moja tu: mtoto amepelekwa chuo fulani, naye hakitaki, ataka kuhamia kile kikubwa cha Nairobi. Afanyeje?

Mwaka huu swali limeingia nyumbani kwangu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, amepangiwa chuo cha huku huku Pwani. Alikuja kwangu baada ya Isha, akanipa shikamoo, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mjomba, mimi nataka kuhama. Nikimaliza hapa, nani ataniajiri?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia nipe wiki moja. Nilichomwambia baada ya wiki hiyo ndicho ninachokiandika hapa, maana naamini kuna wazazi wengi wanaokihitaji.

Kwanza niseme ukweli wangu. Mimi nina diploma, sina shahada. Sababu mojawapo ya kutokuwa na shahada ni kwamba niliwahi kuhama chuo kwa njia mbaya. Nitakuja hapo.

Kuhama ni kwa aina ngapi?

Watu wakisema "kuhama chuo" huchanganya mambo matatu ambayo ni tofauti kabisa. Ni lazima ujue lako ni lipi, kwa sababu ofisi ni tofauti na masharti ni tofauti.

La kwanza ni kuhama kupitia KUCCPS, lile shirika la serikali linalowagawa wanafunzi vyuoni. Hili ni la mwanafunzi aliyepangiwa chuo mwaka huo huo na anataka chuo chengine, au kozi nyengine katika chuo chengine.

La pili ni kuhama ukiwa umeshasoma muhula, mwaka au miaka, na unataka masomo yako yahesabiwe huko uendako. Hili unalizungumza moja kwa moja na chuo unachokitaka.

La tatu ni kuacha kila kitu na kuanza upya. Unaomba nafasi kama mwanafunzi mpya anayejilipia, unasahau uliyoyasoma. Wengine huliita kuhama, lakini kusema kweli huku ni kuanza.

Kuna jambo la nne ambalo watu hulisahau: kubadilisha kozi ndani ya chuo kile kile. Nimeona wanafunzi wanaosema wanachukia chuo, kumbe wanachochukia ni kozi waliyopangiwa. Huyo hana haja ya kwenda Nairobi. Aende kwa mkuu wa idara anayoitaka wiki za mwanzo za muhula wa kwanza, kabla nafasi hazijajaa, akiwa na matokeo yake ya KCSE mkononi.

Njia ya KUCCPS inavyokwenda

KUCCPS ilianzishwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, ikachukua kazi ya ile bodi ya zamani ya JAB. Ili mtu afikiriwe kwa shahada ni lazima awe na C+ kwenda juu katika KCSE. Lakini C+ ni mlango tu. Kinachoamua uende wapi ni alama za klasta, yaani alama zinazokokotolewa kutokana na masomo manne yanayohusiana na kozi unayoitaka. Klasta moja huhesabiwa kwa alama 48.

Kila kozi katika kila chuo huwa na alama ya mwisho, yaani alama za yule mwanafunzi wa mwisho kuingia mwaka ule. Ndiyo maana kozi yenye jina moja yaweza kuhitaji alama nyingi Nairobi na chache Kilifi. Tofauti hiyo huletwa na ushindani. Wanaoitaka Nairobi ni wengi, basi alama hupanda.

Sasa, dirisha la kuhama likifunguliwa, mwanafunzi huingia kwenye ukurasa wake katika tovuti ya KUCCPS, akachagua chuo na kozi anayoitaka, akalipa ada ya maombi, akasubiri. Masharti makubwa ni haya:

1. Uwe umefikisha alama ya mwisho ya kozi hiyo, katika chuo hicho, kwa mwaka wako.
2. Uwe na alama zinazohitajika katika masomo maalumu ya kozi hiyo.
3. Chuo kinachokupokea kiwe na nafasi na kikubali.
4. Chuo unachokiacha nacho kikuruhusu.

Hapa kwenye sharti la kwanza ndipo wengi wanapoumia, na pana mantiki yake. Mgawo wa KUCCPS hutazama alama kwanza, kisha huteremka kwenye machaguo yako kwa mpangilio uliouweka. Kama ulikiweka chuo kikubwa kuwa chaguo la kwanza na hukukipata, maana yake ni kuwa alama zako hazikufika. Na kama hazikufika siku ya mgawo, hazitafika siku ya kuhama. Alama ni zile zile.

Kwa hivyo njia hii humfaa hasa yule ambaye alama anazo lakini hakuchagua vizuri. Pengine alijaza machaguo saiba bila ya kushauriana na mtu. Pengine mwalimu alimwambia "weka hiki" naye akaweka. Mtu kama huyo ana haki ya kuomba, na aombe mapema.

Kwa nyinyi wenye watoto kidato cha nne, funzo ni kuwa wakati wa kutafuta chuo kizuri ni pale machaguo yanapofunguliwa, na tena pale nafasi ya kuyarekebisha inapotolewa. Kaeni na mtoto. Tazameni alama za mwisho za mwaka uliopita, ambazo zimewekwa wazi kwenye tovuti hiyo hiyo. Saa mbili za kukaa pamoja wakati huo zitawaokoa miezi ya kukimbizana na ofisi.

Kuhama ukiwa umeshasoma

Njia ya pili ndiyo iliyonimaliza mimi, basi nitaieleza kwa urefu.

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, inaruhusu masomo ya chuo kimoja yahesabiwe katika chuo chengine. Lakini imeweka mpaka: yanayohamishwa yasizidi asilimia 49 ya kozi za msingi za shahada hiyo. Chuo kitakachoandika jina lake kwenye cheti chako ni lazima kiwe kimekusomesha zaidi ya nusu.

Fanya hesabu. Shahada ya miaka minne. Umesoma mwaka mmoja, sawa na robo. Ukihama hapo, robo yako yaweza kuhesabiwa yote, ikiwa yuniti zinafanana. Umesoma miaka miwili, uko kwenye nusu kamili, yaani uko mpakani, na kitu kidogo lazima kitapotea. Umesoma miaka mitatu, una robo tatu, na sheria inakuruhusu kubeba chini ya nusu. Mwaka mzima umekwenda na maji, pamoja na karo yake.

Hapo ni kama kila yuniti imekubaliwa. Na hilo ni nadra. Idara inayokupokea hukaa na mtaala wako, ikalinganisha yuniti moja moja: mada gani zilifundishwa, saa ngapi, ulipata alama gani. Yuniti inaweza kuwa na jina lile lile lakini yaliyomo ni mengine. Na asilimia 49 ni kikomo cha juu. Chuo kinaweza kukubalia kidogo zaidi ya hapo, na hakuna pa kukishtaki.

Haya nilikuwa siyajui. Nilikuwa nimemaliza diploma yangu, nikaanza shahada jioni katika kampasi moja huku Mombasa, nikijilipia kwa msaada wa marehemu baba yangu aliyekuwa akifanya kazi bandarini. Nilisoma miaka miwili. Kisha nikaingiwa na hamu ya jina. Nilikwenda chuo kimoja kikubwa cha bara, nikaingia ofisi moja, na afisa mmoja akaniambia kwa mdomo, "Wewe njoo tu, yuniti zako tutazihesabu." Nikarudi nyumbani na furaha. Nikaandika barua ya kujitoa kampasi yangu, nikafunga begi.

Kufika kule, yule afisa hayuko kwenye dawati lile tena. Yuniti zangu zilikwenda kwa idara, zikakaa muhula mzima. Jibu likarudi: yuniti nne. Nne, katika miaka miwili. Nikawekwa mwaka wa kwanza, pamoja na vijana waliotoka shule juzi. Nilivumilia mwaka mmoja. Baba akastaafu, pesa zikakatika, na nikarudi Mombasa. Kampasi ya zamani ikaniambia nilijitoa mwenyewe kwa barua, na nafasi yangu ilishafungwa.

Siandiki haya kumlaumu mtu. Afisa alisema alilolisema, mimi ndiye niliyekosa kuomba karatasi. Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliacha mbacha wangu, na msala ukapita.

Karatasi za kukusanya

Ukiazimia kuhama katikati ya masomo, kusanya hivi kabla hujamwambia mtu yeyote kuwa unaondoka:

- Transkripti rasmi yenye muhuri wa chuo, ya kila mwaka uliosoma. Matokeo uliyoyapiga picha kutoka ubaoni hayafai.
- Maelezo ya kila yuniti: mada, saa na vitabu. Muombe mkuu wa idara akupe yakiwa na sahihi.
- Matokeo na cheti cha KCSE, cheti cha kuacha shule, kitambulisho.
- Barua ya mwenendo kutoka kwa msimamizi wa wanafunzi.
- Fomu inayoonyesha hudaiwi na maktaba, hosteli wala ofisi ya fedha. Bila hii, vyuo vingi havitoi transkripti.

Kisha mambo matatu yaombe kwa maandishi kutoka chuo unachokwenda: kwamba umekubaliwa, kwamba yuniti hizi na hizi zimehesabiwa, na kwamba utaingia mwaka fulani. Barua hiyo itoke kwa msajili. Neno la simu, neno la karani, neno la binamu anayefanya kazi pale, yote hayo si barua.

Mpaka barua hiyo iwe mkononi mwako, usiandike ya kujitoa ulipo. Endelea kuhudhuria darasa, fanya mitihani yako. Ukiona unaihitaji pumzi, uliza kuhusu kuahirisha masomo kwa muhula au mwaka, ambako nafasi yako hubakia.

Pesa

Tangu 2023 serikali ilileta mfumo mpya wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu: sehemu ni msaada usiolipwa, sehemu ni mkopo wa HELB, na sehemu ni ya familia, kulingana na hali ya nyumba ya mwanafunzi. Mfumo huo umepelekwa mahakamani. Mahakama Kuu iliubatilisha Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo. Ushauri wangu ni usikae na habari za mwaka jana, uliza hali ilivyo mwaka unaoomba.

Lililo muhimu kwa anayehama ni kuwa pesa za karo huenda chuoni, kwa kozi uliyopangiwa. Ukihama kupitia KUCCPS, hakikisha taarifa zako zimebadilishwa kwa HELB na kwa Hazina ya Vyuo Vikuu, au pesa zitaendelea kwenda chuo ulichokiacha huku chuo kipya kikikudai. Ukihama kwa njia ya pili, ukaingia kama mwanafunzi anayejilipia, usidhani ufadhili utakufuata. Uliza kabla, kwa maandishi.

Najua pia wako wazazi wasiotaka mkopo kabisa kwa ajili ya riba. Kwao hesabu ni nzito zaidi, na wanahitaji kuiketi chini wakiwa na masheikh wao na kalamu.

Ongeza maisha. Mtoto anayesoma Tudor na kulala Majengo anakula kwa mama yake. Nairobi kuna kodi ya chumba, chakula, nauli ya matatu kila siku. Tikiti ya daraja la kawaida ya SGR peke yake ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, kwenda tu. Hesabu Idi mbili na likizo. Dada yangu alipoandika haya yote kwenye daftari, alinyamaza.

Jina la chuo lina thamani gani?

Sitawadanganya kuwa jina si kitu. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa chuo kikuu kamili tangu 1970, na wahitimu wake wamejaa mahakamani, hospitalini na maofisini. Ukisoma pale unajuana na watu, na kujuana kunafungua milango. Maabara na maktaba kubwa ni faida ya kweli. Mtoto mwenye alama za kwenda huko, na familia yenye uwezo, simzuii hata kidogo.

Lakini tuulize thamani hiyo ni kwa kozi gani. Kwa kazi zenye bodi zake, kama uhandisi, udaktari, uuguzi na uanasheria, swali la kwanza ni kama kozi hiyo, katika chuo hicho, inatambuliwa na bodi husika. Kozi isiyotambuliwa na bodi katika chuo chenye jina ina hasara kuliko kozi inayotambuliwa katika chuo kidogo. Hili liangalie kwa bodi yenyewe. Matangazo ya chuo hayatoshi.

Kwa mambo ya bahari, mimi naona kinyume chake. Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi kinasomesha elimu ya viumbe wa baharini na uvuvi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina masomo ya sayansi ya bahari na uhandisi wa meli. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko Mombasa hapa hapa. Mtoto anayetaka kusoma bahari akakimbilia bara anakwenda kuitazama kwenye picha.

Tena tusisahau tulipotoka. Hicho chuo cha Tudor ambacho vijana wetu wanakidharau kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyoasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na wengineo. Siku hizo vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wakija kusoma kwetu. Ikawa Polytechnic 1972, na chuo kikuu kamili 2013, mwaka ule ule Pwani nayo ilipopata hati yake. Jina la chuo hupanda na kushuka, na wanaolipandisha ni wanafunzi wanaobaki wakafanya vyema.

Na jengine ambalo halisemwi sana: shahada ya kwanza si mwisho. Mtu anaweza kumaliza hapa akiwa na alama nzuri, bila deni kubwa, kisha akaenda kufanya shahada ya pili kwenye chuo cha ndoto yake. Huko hawatauliza klasta yako ya KCSE. Watatazama shahada uliyonayo. Ndiyo njia ya kuhama ambayo haipotezi yuniti hata moja.

Nani ahame, nani atulie

Kwa maoni yangu, ahame ambaye chuo alichopangiwa hakina kozi anayoitaka, au kozi hiyo haitambuliwi na bodi yake. Ahame mwenye alama za kutosha aliyekosea kuchagua. Ahame mwenye sababu ya afya au ya familia, kama mzazi mgonjwa anayehitaji kuuguzwa. Na yupo ambaye hana hiari, kama vijana wetu waliokuwa Sudan vita vilipozuka Aprili 2023 wakarudi bila hata transkripti. Hao tuwasaidie kwa kila hali.

Atulie ambaye sababu yake ni aibu mbele ya wenzake. Atulie aliyefika mwaka wa tatu. Atulie ambaye hajapata barua.

Mpwa wangu tulimwekea haya yote mezani, yeye, mama yake na mimi. Tuliangalia alama zake pamoja. Kwa kozi aliyopangiwa, alama za chuo cha Nairobi hakuzifikisha, tofauti ikiwa ndogo lakini ipo. Alilia kidogo. Tulimwacha alie. Kisha akauliza, "Mjomba, na wewe ungerudi nyuma ungefanyaje?"

Nikamwambia ningebaki, nikamaliza, halafu nikaenda na cheti mkononi.

Ameripoti chuo chake Jumatatu iliyopita. Mama yake alimpeleka na gari ya jirani, na godoro juu. Mimi nilimnunulia faili la plastiki, nikamwambia kila risiti na kila matokeo aweke humo kuanzia siku ya kwanza, kwa sababu hajui ni lini atayahitaji.